Diski ya Pili na Mchele wa Chimala

Mmeniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijastaafu na kurudisha funguo, mkanipa na daftari jipya la kurasa mia mbili. Hamkuwa na haja ya kununua kubwa namna hiyo. Vyeo vyangu vinaenea nyuma ya bahasha, na mshahara wangu mnaujua, maana ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya diski moja ya miaka ya sabini. Diski hiyo ndiyo iliyonifundisha kompyuta. Ndiyo pia iliyomfukuzisha kazi dereva Kikoti, na mtu aliyesababisha hayo ni mimi.

Nilianza Iringa, stoo, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na imani kubwa juu ya cheti hicho. Siku ya kwanza mkuu wa stoo, mzee wa Kalenga aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, hakuniuliza nilisoma nini. Alinipa brashi ndogo, kopo la rangi nyeupe na majembe kumi na manane, akaniambia niyape namba. Nilipomaliza aliyatazama, akanipa mengine kumi na manane. Kwa wiki mbili sikufanya kitu kingine. Yeye aliamini kwamba mali ya serikali isiyo na namba haipo, na siku ikiibiwa huwezi kusema imeibiwa, kwa sababu haijawahi kuwapo. La pili alilonifundisha ni kwamba karatasi iliyokuja ndani ya sanduku nayo ni mzigo: inapigwa mhuri, inaingia kwenye faili la mapokezi, na faili linafungiwa kabatini. Mtu asipewe kwenda kuisoma, maana akiisoma ataichana.

Nawaeleza haya mjue kwamba sikuwa mzembe. Mzembe hafiki kwenye kosa kubwa kama langu, anachoka njiani. Mimi nilikosea kwa kufuata utaratibu, kwa mkono usiotetemeka na tarakimu safi kabisa.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa hapa Mbeya, kwenye mradi wa kupima mvua na mito. Wasomaji wa vipimo walitawanyika kuanzia milima ya Kilolo hadi mbuga za Usangu. Kila asubuhi mtu alikwenda kuangalia maji kwenye chombo, akaandika kwenye kadi, na kadi zikatufikia kwa basi, nyingine zikiwa na duara la kikombe cha chai. Kadi zilijaza chumba kizima, zikaanza kujaza ukumbi. Wafadhili walipokuja wakaona huruma, wakatuletea kompyuta.

Msifikirie hizi zenu. Yetu ilikuwa kabati refu la chuma, taipureta iliyojichapa yenyewe, na mashine ya diski iliyofika mtu mzima kiunoni. Diski yenyewe ilikuwa bapa, ndani ya ganda la plastiki, pana kama sinia la pilau, na ilibeba kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya harusi. Fundi wa kampuni aliileta kutoka Dar es Salaam akaifunga kwa siku nne, tena akafungua masanduku kabla sijayapokea kistoo, jambo lililoniuma sana. Niliruhusiwa kupaka namba kwenye milango tu. Mashine ya pili ya diski ilikuwa bado bandarini. Fundi alituachia waya wake, akasema ikifika ni kuichomeka na kufuata karatasi iliyomo sandukuni. Hata mtu wa stoo angeweza. Kisha akasafiri nje ya nchi kwa likizo ndefu.

Opereta wetu alikuwa Bi Tulinagwe, mama wa Tukuyu aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam kwa miezi minane. Yote ninayojua juu ya mashine yanatoka kwake. Watengenezaji walitaka chumba kiwe na kipoza hewa muda wote, basi tukakipoza Mbeya mwezi wa Julai, na Bi Tulinagwe akafanya kazi ndani ya sweta mbili na kitenge. Mashine ikihesabu, yeye alifuma sweta ya tatu. Nilikuwa nikimpelekea kadi, naye akaniacha nikae pembeni nitazame. Sheria yake ilikuwa usikilize kwanza, halafu uangalie, kugusa kuje mwisho. Alijua kwa mlio tu kama diski imeanza kuchoka.

Sasa mchele. Lori la mradi liliendeshwa na Mzee Kikoti, Mhehe wa Kilolo, dereva wa taratibu kiasi kwamba ofisini tulisema anapandisha mlima Kitonga kama anayesindikiza jeneza. Yeye alijibu kwamba ndiyo maana bado hajasindikizwa yeye. Kila alipotoka Dar es Salaam ilikuwa lazima apite Chimala, na Chimala ndiko wali wa ofisi hii ulikotoka. Kila mtu alimpa gunia lake tupu kabla ya safari. Majina kwenye magunia niliyaandika mimi, kwa brashi ya serikali. Gunia kubwa kuliko yote lilikuwa la Meneja. Kanuni za magari ya mradi, zilizokataza kupakia mzigo wowote wa mtu binafsi, zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake, na kila aliyeingia alizisoma wakati akimsubiri amalize simu.

Mashine ya pili ilifika Alhamisi moja mchana. Mzee Kikoti alishuka, akanyoosha mgongo, akaniita nipande nyuma nione. Sanduku lilikuwa katikati ya bodi, limezungukwa na magunia tisa ya mchele pande zote nne, juu yake hakuna kitu. Aliniambia ameliweka kama mgonjwa kitandani. Nilikagua: mbao nzima, mikanda nzima, lakiri haijaguswa. Nikasaini kwamba nimepokea mzigo usio na dosari. Nakumbuka kwa sababu saini hiyo ilikuja kunitisha.

Nilifungua sanduku kwa heshima zote. Karatasi zilizokuwamo, kurasa tisa za Kiingereza zenye michoro, nilizipiga mhuri, nikazitia kwenye faili, nikafunga kabati. Leja ilinipa namba 346, nikaipaka nyuma ya mashine. Nilipokuwa nikipuliza rangi ikauke, nikaona kijifuniko kidogo cha bati, na ndani yake kigurudumu chenye tarakimu kuanzia sifuri mpaka saba. Nilifurahi mno. Nilijiambia kwamba kumbe hata watengenezaji wanaijua kazi ya stoo, wamemwachia mwenye mali mahali pa kuweka namba yake. Niliona ubahili wao kuweka nafasi ya tarakimu moja tu, lakini nikaitumia: nikazungusha mpaka sita, tarakimu ya mwisho ya namba yetu. Ingeishia na nane ningewaandikia barua ya malalamiko. Halafu, ili mtu asije akaichezea, nikaifunga kwa tone la rangi nyeupe na kurudisha kifuniko.

Bi Tulinagwe akachomeka waya, akawasha. Mashine ikavuma, ikazunguka, taa ya kijani ikawaka. Akachapa kwenye taipureta kuiita. Taipureta ikachapa jibu: mashine ya kwanza ipo, ya pili haipo. Akarudia. Haipo. Ilikuwa pale mbele yetu, inavuma, ina joto, ina namba yangu mgongoni, na kompyuta inasema haipo.

Kwa siku kumi na moja tulihangaika. Tulibadilisha plagi ya umeme. Tulitoa fyuzi tukazirudisha. Tulisugua meno ya waya kwa pamba na spiriti. Tulichukua waya wa mashine ya kwanza tukauweka kwenye ya pili, na ya pili ikaendelea kutokuwapo. Tulihamisha diski ya huku kwenda kule. Tulimwaga maji ya chumvi kwenye shimo la waya wa ardhini. Nilishika tochi muda wote huo na nilipita nyuma ya mashine si chini ya mara hamsini. Namba 346 ilinitazama kila mara, nami niliiona imetoka vizuri.

Wageni wa wizara na wafadhili walikuwa wanakuja kuona kumbukumbu za mvua zikinakiliwa kutoka diski moja kwenda nyingine, na bila ya pili hapakuwa na cha kuwaonyesha. Meneja akaitisha kikao. Alisema kwamba mashine inayozunguka lakini haionekani imeumia ndani, na iliumizwa njiani. Akanigeukia mimi niliyepokea, akauliza mzigo ulipakiwa namna gani.

Hapa ndipo nilipoanza kukosa kwa kujua. Nilikumbuka saini yangu. Nikasema ulikuwa pamoja na magunia ya mchele. Akauliza magunia yalikuwa juu yake au pembeni.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Nilikumbuka kama ninavyokumbuka sasa. Meneja, ambaye alikuwa ameula mchele huo wiki iliyopita, alishangaa kusikia habari za mchele kwenye gari la mradi. Wengine wote wakashangaa pamoja naye. Mzee Kikoti akaitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mzee Kikoti, ulipakia mchele kwenye gari la mradi?"

"Nilipakia, Ndugu Meneja."

"Wa nani?"

Mzee Kikoti akatuangalia mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anavyoendesha. Sisi tuliangalia meza.

"Wangu," akasema.

"Magunia tisa?"

"Nina familia kubwa."

Hakuna aliyecheka. Alieleza kwamba aliizungushia mashine magunia isitikisike, na kwamba bwana stoo aliona. Meneja akasema bwana stoo hakumbuki. Mzee Kikoti hakuniangalia tena. Aliweka funguo za lori mezani, akaambiwa asubiri barua nyumbani.

Siku nne baadaye nilimpelekea Bi Tulinagwe kadi, nikamkuta hafumi. Alikuwa amekaa amekunja mikono anaisikiliza mashine ya pili.

"Mgaya, hii ni nzima," akasema. "Inazunguka vizuri kuliko ile ya kwanza. Ila ikiitwa haiitikii, kama mtu uliyekosea jina lake. Ile karatasi iliyokuja nayo iko wapi?"

"Kwenye faili la mapokezi."

"Uliisoma?"

"Haisomwi. Ina mhuri."

Aliniangalia kwa muda ambao sweta ingeweza kupata mstari mzima. Kisha akasema niilete, na mhuri wake.

Ilikuwa ukurasa wa pili. Kiingereza changu cha shule, ambacho kwa miaka yote sikuwa nimepata pa kukitumia, siku hiyo kilitosha kabisa. Kabla ya kuwasha, mtu afungue kifuniko cha nyuma, azungushe kigurudumu: mashine ya kwanza iwe sifuri, ya pili iwe moja. Kompyuta ingeita namba hizo mbili na si nyingine. Nilisoma mara tatu nikitumaini kwamba mara mojawapo itasema kitu tofauti. Halafu nikapiga magoti nyuma ya mashine, nikakwangua rangi kwa ncha ya bisibisi, nikazungusha kutoka sita hadi moja. Bi Tulinagwe akachapa. Taipureta ikajibu kwamba zote mbili zipo.

Hili ndilo la kazini ninalotaka mlishike. Miaka mingi baadaye nimeitwa kwenye kompyuta mpya mlizofunga ninyi wenyewe, diski ya pili haionekani, mezani bisibisi sita, na mtu tayari anaandika barua ya kumlaumu muuzaji. Kila mara nimeuliza kwanza diski imepewa namba gani, na karatasi yake iko wapi. Mmekuwa mkisema nina kipaji.

Bi Tulinagwe hakufurahi. Aliangalia kucha zangu.

"Rangi nyeupe," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Na Mzee Kikoti?"

Nikasema nitakwenda kwa Meneja leo hii. Akanijibu kwamba yeye hatasema neno, maana akisema yeye nitakuwa nimesemewa.

Nilikwenda kweli. Nilimwambia Meneja mashine imepona. Akauliza ilikuwa nini, nikasema ni mpangilio mdogo tu. Alinipa mkono, akaniambia ni bahati kwamba mtikisiko haukuiua kabisa. Mlango ulikuwa wazi, makarani walikuwa wanasikia, nikajiambia nitarudi. Wageni walikuja, diski zikanakiliana, mgeni mmoja akapiga makofi. Siku iliyofuata nikarudi, nikafunga mlango, nikamweleza yote: kigurudumu, tone la rangi, magunia yalivyokaa pande nne.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mstaarabu. Akasema ripoti imekwenda makao makuu: mashine iliumia njiani, dereva amechukuliwa hatua, wataalamu wetu wenyewe wameitengeneza. Mtaalamu mmojawapo ni mimi.

"Sasa unataka niandike nini, Ndugu Mgaya? Kwamba stoo iliifunga mashine kwa rangi? Na mchele nao ulikuwa rangi?"

Mchele wangu mwenyewe ulikuwa bado jikoni. Nilitoka, na ukweli ni kwamba nilitoka mwepesi. Nilikuwa nimesema kwa mtu mmoja tu, yule niliyejua hataupokea, nikajihesabia kwamba nimesema. Barua ya kumwachisha kazi Mzee Kikoti iliondoka kwa basi la Iringa wiki hiyohiyo. Bi Tulinagwe aliendelea kunifundisha mashine bila kuficha chochote, ila tangu siku hiyo hakuniita Mgaya tena. Niliitwa Bwana Stoo, hata nilipohamishwa stoo na kuwa msaidizi wake.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata nikapata likizo. Nilisema nakwenda Iringa kusalimia, na nilipofika Iringa nikapanda gari la Kilolo. Nilimkuta Mzee Kikoti shambani anapalilia viazi kwenye ukungu. Nikamwamkia, akaitikia kamwene ya Kihehe bila kuacha jembe. Nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye tuta. Aliuliza kigurudumu kilikuwa kikubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa kidole na gumba. Akapalilia shina moja zaidi.

"Kwa hiyo ilifika nzima," akasema.

"Ilifika nzima, Mzee."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa mpini wa jembe. Ningepigwa ningejisikia vizuri zaidi. Yeye alimwita mkewe.

"Mama Atu, njoo. Huyu ni bwana stoo wa Mbeya, ana neno." Kisha akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Mama Atu akanisikiliza, akaniambia niseme tena ile sehemu ya mwisho. Mzee Kikoti akanawa miguu, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la udereva la mradi, limepigwa pasi. Tukaondoka.

Tulianza kwa balozi wa nyumba kumi, tukapita kwa jirani, kwa shemeji yake, kwa mwenye mashine ya kusaga. Kila nyumba alinitaja jina, kazi na ninakotoka, halafu akasema rudia. Watu walikuwa wamejua kwa miezi minane kwamba Kikoti alivunja kompyuta ya serikali kwa tamaa ya mchele. Nyumba moja watoto waliwahi kumwimbia wimbo. Mwanzoni nilieleza habari za kigurudumu na sifuri na moja. Kufika nyumba ya nne nikaacha. Walitaka sentensi moja tu, na waliitaka kutoka kwangu. Karibu kila mlango nilipewa ulanzi, pombe ya mianzi, na haukuwa msimu wa kukataa ulanzi, hivyo kadiri tulivyoendelea niliisema sentensi hiyo kwa sauti kubwa zaidi.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya padre. Parokia ilikuwa na lori tangu mwaka uliopita, na dereva hapakuwa. Padre alinisikiliza, akanusa ulanzi, akaniambia nirudie polepole. Nilirudia. Alimgeukia Mzee Kikoti akamuuliza kama leseni yake bado ni hai.

Mzee Kikoti alinisindikiza mpaka barabarani. Tulisimama tukisubiri gari, koti lake limelowa ukungu, na mimi nilijisikia mtu aliyetua mzigo. Nikamuuliza kama sasa tumemaliza. Alifikiri, kama alivyofikiri kabla ya kila kona.

"Huku Kilolo tumemaliza," akasema. "Bado Mbeya."

Nilirudi Mbeya na nia hiyo. Jumatatu hapakuwa na nafasi. Mwezi uliofuata Meneja alihamishwa, na aliyekuja hakumjua Kikoti. Kisha mashine zote mbili zikauzwa kama chuma chakavu. Bi Tulinagwe akastaafu akaenda kwao Tukuyu, na siku ya kumuaga alinishika mkono akasema, "Bwana Stoo," basi, hakuongeza. Makarani waliokaa kwenye kile kikao walimalizika mmoja mmoja, na habari ya dereva na mchele ikabaki ofisini kama kichekesho cha kuwasimulia waajiriwa wapya. Nimeisikia ikisimuliwa chumbani humu mara nyingi. Mara mbili nilicheka.

Basi naanza nyumba ya kwanza ya Mbeya. Jina langu ni Mgaya, nilikuwa mtu wa stoo, natokea Mbeya hapahapa. Mchele wa Chimala ulikuwa wetu sote, na namba niliiweka mimi. Mashine aliyoileta Mzee Kikoti ilifika nzima.